Ulinzi wa kompyuta ya mwanafunzi uanze siku inaponunuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakuu wa vyuo vya Dodoma, wazazi wanaojinyima ili kuwanunulia watoto wao kompyuta mpakato za kusomea, pamoja na mafundi wa kompyuta wa mji wetu, kuhusu jambo ninaloliona karibu kila siku nikiwa kazini. Nina duka la steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na kazi yangu ni ile ile ya maduka mengi yaliyozunguka vyuo: kuchapa, kutoa kopi, kuskani na kubaindi ripoti. Flashi za wanafunzi hupita mikononi mwangu tangu asubuhi hadi usiku, na kompyuta zao nyingi huletwa mezani kwangu zinapogoma, ingawa mimi si fundi aliyesomea, kwa kuwa duka langu ndilo lililo karibu na taa yake ndiyo inayowaka saa nne usiku.

Mwezi Juni mwaka juzi, wiki ambayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakikabidhi taarifa zao za utafiti, aliingia dukani binti mmoja akiwa ameikumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliifungua mbele yangu. Kila faili, kuanzia sura ya kwanza ya utafiti wake hadi picha za mahafali ya kidato cha sita, lilikuwa limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina lake na halikufunguka, na katika kila folda kulikuwa na barua fupi ya Kiingereza iliyomtaka alipe dola 980 za Marekani, au dola 490 endapo angelipa ndani ya saa 72. Alinisihi, "Mama, niokolee hata sura ya nne tu." Sikuweza. Aliketi kwenye benchi, akampigia simu baba yake Kondoa, ambaye aliuza alizeti ya msimu mzima ili kompyuta ile inunuliwe, nikamsikia akimwambia kwamba kompyuta imeharibika, kwa sababu hakujua amwelezeje mzee kwamba kompyuta yenyewe ni nzima, ila kazi yake yote iliyomo ndani imefungwa na mtu asiyemjua.

Nilimwomba anisimulie habari za kompyuta ile tangu ilipoingia mikononi mwake, na simulizi yake ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu nimekwisha kuisikia kwa wengine wengi ikiwa na tofauti ndogo tu. Ilikuwa kompyuta iliyotumika, kama zilivyo nyingi zinazonunuliwa na wanafunzi. Aliyemuuzia aliifuta yote, akaiwekea Windows isiyo na leseni, kisha akaendesha programu ndogo ya kuidanganya ijione kwamba imelipiwa. Programu hizo, ambazo vijana huziita kraki, kwa kawaida hudai kwamba ulinzi wa kompyuta uzimwe kwanza, kwa kuwa ulinzi ukiwa macho huzikamata. Na anayeziweka, akishamaliza, mara nyingi hauwashi tena, au huacha amri kwamba folda fulani isikaguliwe kamwe. Kwa hiyo mzazi alitoa fedha zake halali kununua nyumba ambayo mlinzi wake alikuwa ameshaambiwa afumbe macho kabla mwenyeji hajahamia.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakikutokea kitu. Ndipo binti akafika hatua ya kuchambua majibu ya madodoso yake, akahitaji programu ya takwimu ambayo hakuwa na uwezo wa kulipia leseni yake, na mwenzake wa darasani akamtumia linki ya kuipakua bure. Maelekezo yalikuwa yale yale: zima ulinzi, kisha bofya. Alibofya usiku akalala, na asubuhi akaikuta barua ya dola 980.

Wapo wanaosema kwamba mwanafunzi wa namna hiyo amejitakia. Siwezi kukubaliana nao. Kutumia programu ya mtu bila leseni ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na sina nia ya kulitetea kosa hilo; lakini kijana anayetakiwa kuwasilisha sura ya nne yenye majedwali ya programu fulani, wakati hakuna mahali alipopewa programu hiyo kwa njia halali, amesukumwa kwenye kraki na mfumo mzima wa masomo yake, na anayeweza kumwondoa huko ni mwalimu wake kabla ya polisi. Programu za bure na za halali zipo. R, ambayo wanatakwimu wa dunia nzima wanaitumia, haina bei, na jamovi, ambayo ni rahisi zaidi kwa asiyetaka kuandika amri kwa mkono, nayo haina bei. Kuandika na kupiga hesabu kunawezekana kwa LibreOffice, ambayo hutolewa bure kwa kila mtu, na Microsoft yenyewe huzipa taasisi za elimu zilizojiandikisha nafasi ya kuwaruhusu wanafunzi kutumia Word na Excel mtandaoni bila malipo kwa anwani ya barua pepe ya chuo. Wanaochora ramani za majengo wanaweza kuomba AutoCAD ya wanafunzi kutoka kampuni ya Autodesk bila kulipa. Nimewaonyesha wateja wangu mambo haya nikiwa nasubiri mashine imalize kuchapa, na wengi wamenijibu kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia.

Lipo jingine linalosikitisha zaidi, kwa kuwa halikuhitaji fedha wala ujanja wowote. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi mpakato zilizotoka kiwandani zikiwa na Windows hubeba namba ya leseni ndani ya ubao wake mkuu, na namba hiyo haifutiki hata diski ikifutwa au ikibadilishwa. Maana yake ni kwamba kompyuta nyingi zilizotumika zinazoletwa nchini mwetu zina leseni yake tayari, na fundi akiweka Windows ya toleo lile lile iliyopakuliwa kutoka kwa Microsoft yenyewe, itajitambua pindi ikiunganishwa na intaneti. Anayeweka kraki kwenye kompyuta ya namna hiyo ameivunja nyumba ambayo ufunguo wake ulikuwa mlangoni. Nawaomba mafundi wenzangu wa Majengo, wa barabara ya Saba Saba na wa kila kona ya mji huu waangalie hilo kwanza, na mzazi kabla hajahesabu fedha aombe aonyeshwe mambo mawili kwenye kioo cha kompyuta: kwamba Windows imethibitishwa bila kraki, na kwamba ulinzi unaokuja nayo, uitwao Defender, umewashwa. Defender hauna bei, na kwa mwanafunzi anayeuacha ufanye kazi yake unatosha, bila kutafuta programu nyingine ya kuzuia virusi ambayo nayo imekrakiwa.

Kuhusu masasisho ya kompyuta, nataka niseme kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapa wanafunzi hawana uzembe bali wana bando dogo. Sasisho moja la Windows laweza kumaliza kifurushi cha wiki nzima, na kijana anayenunua bando kwa fedha ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, atalizima sasisho hilo kama vile angezima jiko la gesi linalovuja. Simlaumu. Lakini mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu lililokuwemo ndani ya Windows, na tarehe 12 Mei mwaka huo huo, miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu lile lile na kufunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Hakikusubiri mtu abofye linki wala afungue barua. Kilihama chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao hawakupata madhara hayo. Chuo chenye intaneti isiyopimwa kwa bando, hata kama ina kasi ndogo mchana kwa sababu ya wingi wa watu, kinaweza kutangaza saa za usiku au siku za Jumapili kuwa za kusasisha kompyuta, na kwa gharama ndogo mno kikaokoa mengi.

Hapo hapo wanafunzi na wazazi wakumbushwe kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, yaani haipewi tena masasisho ya kawaida. Windows 11 inahitaji, kwa kompyuta zenye prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) ya kampuni ya Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na nyingi za bei nafuu zinazouzwa mitaani ni za kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Mzazi anayenunua leo aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza rangi. Aliye nayo ya zamani asiitupe, kwani Ubuntu au Linux Mint, mifumo inayowekwa badala ya Windows, huendeshwa vizuri kwenye kompyuta hizo, bila bei, na husasishwa.

Sasa nizungumzie upande wangu. Kwa miaka kadhaa duka langu lenyewe lilikuwa chanzo cha maambukizi, na sikulijua hilo mpaka mwanafunzi mmoja aliporudi akaniambia kwa adabu kwamba flashi yake iliingia kwangu ikiwa salama na ikatoka ikiwa na virusi. Ni kile kirusi ambacho huficha folda zako zote na kuweka mahali pake vialama vinavyofanana nazo. Ukibofya kialama, folda hufunguka kama kawaida, kumbe kirusi nacho kimeingia kwenye kompyuta yako na kinasubiri flashi nyingine. Kwa siku moja huenda flashi 60 zilichomekwa kwenye kompyuta ile moja. Nikifikiria ni mabweni mangapi nilikopeleka uchafu ule bila kujua, moyo huniuma. Mwanafunzi huyo huyo, anayesomea mambo ya kompyuta, ndiye aliyenisaidia: alichukua kompyuta kuukuu iliyokuwa imekaa chini ya meza, akaiwekea Ubuntu, na tangu siku hiyo kila flashi inayoingia dukani huchomekwa hapo kwanza, kwa sababu virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kukimbia humo, na folda zilizofichwa huonekana wazi. Ninaichapa kazi kutoka hapo hapo. Haikunigharimu hata shilingi moja, na ningependa kila mwenye steshenari jirani na chuo afanye hivyo. Mwanafunzi naye, inapowezekana, asilete flashi kabisa, bali atume faili lake kwa barua pepe ya duka likiwa katika muundo wa PDF.

Barua pepe hiyo, hata hivyo, aitume akiwa kwenye simu yake mwenyewe. Nimeshindwa kuhesabu ni mara ngapi nimefunga duka usiku nikakuta WhatsApp ya mtu imeachwa wazi kwenye kompyuta ya wateja, mazungumzo yake yote na mama yake na mchumba wake yakisomeka, au akaunti ya barua pepe ambayo ndiyo inayofungua akaunti ya chuo na ya mkopo. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, wengi hubofya ndiyo kwa haraka ya kuwahi. Mimi nitaifunga akaunti hiyo. Sijui kama kila mahali ataifunga mtu. Kuingia katika akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria huja baada ya hasara. Ikiwa umelazimika kutumia kompyuta ya duka, ukitoka fungua simu yako, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako, uviondoe, na akaunti ya barua pepe uiwekee uthibitisho wa hatua mbili, ili hata aliyepata nywila yako ashindwe kuingia. Na sisi wenye maduka tunaoskani vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA tujue kwamba tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nakala zile si mali yetu za kulundika kwenye kompyuta. Mimi huzifuta kila jioni kabla sijazima taa.

Meseji za ulaghai wote tunazijua, nazo hazihitaji maneno mengi. Zinazowalenga wanafunzi huja wakati fedha za mkopo zinaposubiriwa, zikidai kwamba jina lako lina tatizo na kwamba uingie kwenye linki fulani uthibitishe nywila yako. Usiingie kwa linki uliyotumiwa. Andika mwenyewe anwani ya tovuti unayoijua, au nenda ofisini kwa miguu. Namba iliyotuma meseji hiyo ipelekwe 15040, ambayo ndiyo namba ya kuripoti utapeli kwa njia ya simu.

Narudi kwa yule binti, kwa sababu kilichomuumiza zaidi kuliko kirusi ni kwamba kazi yake ilikuwa mahali pamoja tu. Utafiti wa kurasa 60 ni faili dogo mno. Hutumwa kwa barua pepe katika sekunde chache na kwa bando dogo tu. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15, na faili la Word lililowekwa humo likibadilishwa au likiharibiwa, matoleo yake ya nyuma huhifadhiwa kwa siku 30, jambo ambalo lina maana kubwa, kwa sababu hata kirusi kikifunga faili lililo kwenye kompyuta na nakala iliyofungwa ikapanda mtandaoni, lile la jana bado lipo. Nakala ya pili iwe kwenye flashi inayokaa sandukuni, isiyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta, kwa kuwa kirusi hufunga kila kinachokifikia. Tangu mwaka juzi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akija kuchapa sura yake ya kwanza kwangu, humuuliza, "Mwanangu, nyingine iko wapi?" na asipokuwa na jibu, hatuendelei mpaka ajitumie mwenyewe nakala akiwa amesimama pale pale.

Yule binti hakulipa zile dola, na nilimsihi asilipe, kwa kuwa anayelipa hana uhakika wa kupewa ufunguo, na fedha hiyo ndiyo inayolipia kirusi kinachofuata. Nilimwambia asiifute diski. Kuna mradi unaoitwa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta, ambao hukusanya funguo za virusi vya namna hii na kuzitoa bure kwa yeyote. Ufunguo wa faili zake ulikuwa bado haujapatikana. Aliandika upya sura zote kwa kutumia madodoso ya karatasi ambayo kwa bahati alikuwa ameyatunza, akakabidhi kwa kuchelewa, na diski ile ninayo kwenye droo yangu, imefungwa kwa karatasi yenye jina lake, nami kila baada ya miezi michache huutafuta tena ufunguo wake.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vyote vya hapa, vikubwa na vidogo, vya Serikali na vya mashirika ya dini, kuanzia mjini hadi Hombolo, ni moja. Wanafunzi wapya wanapofika mwezi Oktoba na Novemba hupokewa kwa wiki nzima ya kuelekezwa: wanaonyeshwa maktaba, zahanati, namna ya kujisajili na kanuni za mavazi. Katika wiki hiyo itengwe siku moja ambayo kila mwenye kompyuta aje nayo ukumbini, na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa masomo ya kompyuta, ambao mji huu unao kwa wingi, wakae nao wawili wawili: waangalie kama Windows yake ina kraki na wamsaidie kuiondoa, wawashe ulinzi, wasasishe kwa intaneti ya chuo, wamwekee programu za bure za masomo yake, wafungue uthibitisho wa hatua mbili na wahakikishe anajua mahali pa kuweka nakala. Kazi hiyo ihesabiwe kwao kuwa sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Idara nazo, kabla muhula haujaanza, zitaje kwa maandishi ni programu gani mwanafunzi atahitaji na ataipata wapi kihalali, na ile isiyopatikana kihalali kwa uwezo wa mwanafunzi isiwe sharti la kufaulu.

Chuo kitakachokubali kufanya hivyo mwaka huu, nitafunga duka siku hiyo na kuja na kompyuta yangu ya kupokelea flashi, nikae mlangoni kusafisha flashi za watakaokuwa wanaingia.

Wako mtiifu,
Mwenye duka la steshenari,
Ng'ong'ona, Dodoma.